Nimepangiwa Łódź: je, niombe kuhamishiwa Warsaw?

ULIZA DADA WA ZIWANI
Maswali ya wasomaji kuhusu masomo na maisha ya ugenini

*Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea ugavi hapa Mwanza na naishi kwa mjomba, Buzuruga. Nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja nchini Poland, kuanzia Oktoba hadi Februari. Nilifurahi mpaka nilipofungua barua nikaona mji wenyewe: Łódź. Sijawahi kuusikia. Mwenzangu aliyewahi kufika Ujerumani ananiambia ni mji wa viwanda vilivyokufa, hauna cha kuona, na kwamba nimwandikie mratibu anihamishie Warsaw au Kraków kabla majina hayajafungwa. Bibi yangu naye anasema baridi ya huko inaua. Kwa kuwa wewe uliwahi kusoma Poland, naomba uniambie ukweli. Niombe kuhamishwa? Na mtu aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa, ambaye hata Dar amefika kwa nadra, ataishije huko?*
*Mwanafunzi, Buzuruga*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Usiombe kuhamishwa. Łódź ndiko nilikosoma muhula wangu, muhula huohuo wa baridi unaokwenda wewe, na katika miji ya Ulaya niliyofika ni huo tu ninaoweza kuutembea leo hii nikiwa nimefumba macho. (Jina lenyewe linatamkwa karibu na "Wuuch", kwa mkupuo mmoja. Ukilisoma kama lilivyoandikwa, anayekukatia tiketi ya treni hatakuelewa.)

Mwenzako anasema viwanda vilikufa. Ni kweli, lakini hakukuambia vilikuwa viwanda vya nini. Vilikuwa vya nguo, na nguo zenyewe hasa za pamba. Mwanzoni mwa karne ya 19 Łódź ilikuwa mji mdogo unaofanana na kijiji, watu wake hawafiki elfu moja. Mwaka 1820 watawala wakaitenga kuwa makazi ya wafumaji, mafundi wakaja na vitanda vyao vya kufumia, wengi kutoka nchi za Kijerumani, kisha zikaja mashine za mvuke. Kufikia 1914 mji ulikuwa na watu takriban nusu milioni. Wapoland, Wajerumani, Wayahudi na Warusi waliishi humo pamoja, na karibu wote riziki yao ilishikwa na uzi.

Sasa sikiliza kwa nini jambo hili linanigusa. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu. Nimekua nikipalilia, nikichuma, nikitenga pamba safi na fifi, kisha kukaa juu ya gunia kusubiri zamu ya mzani kwenye chama cha msingi. Lori likishapakia, kwetu habari ilikuwa imekwisha. Pamba ilikwenda "kwa wanunuzi", na hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Pale Łódź nilikuta upande wa pili wa kazi ya wazazi wangu. Mwisho wa kusini wa mtaa wa Piotrkowska kuna kiwanda cheupe cha Ludwik Geyer, kilichojengwa miaka ya 1830, ambacho sasa ni makumbusho ya ufumaji. Nilisimama humo mbele ya mashine za kusokota na kufuma nikamfikiria mama na vidole vyake vilivyochanwa na vikonyo vya pamba. Hakuna jumba la kifalme la Kraków ambalo lingeniambia kitu kama hicho.

Nenda pia Księży Młyn, mtaa wa matofali mekundu aliojenga tajiri Karol Scheibler karibu na kiwanda chake: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, kituo cha zimamoto, vyote kwa mwenye mali mmoja. Tembea pale taratibu na ujiulize maisha ya mtu ambaye bosi wake ndiye mwenye nyumba yake na ndiye mwenye shule ya watoto wake. Watu wale hawakuwa wanyonge, usidhani. Februari 1971 wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Łódź, wengi wao akina mama, waligoma, na serikali ikalazimika kufuta bei mpya za vyakula ilizokuwa imezipandisha Desemba iliyotangulia. Wanaume wa bandarini kaskazini walikuwa wameandamana kwa jambo hilohilo na kupigwa risasi, bei zikabaki palepale. Akina mama wa Łódź ndio waliozishusha. Sijui kwa nini habari hii haisimuliwi zaidi, hasa kwetu ambao tuna mama na shangazi waliosimama mbele ya mashine za Mwatex.

Baada ya 1989 masoko ya upande wa Urusi yalikatika na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Lakini mji haukulala chini. Kiwanda kikubwa cha Izrael Poznański, majengo yaleyale ya matofali, tangu 2006 ni eneo la maduka, sinema na migahawa liitwalo Manufaktura. Na wewe unasomea ugavi, mdogo wangu! Łódź iko katikati ya nchi, karibu na makutano ya barabara kuu za A1 na A2, na tangu 2013 treni za mizigo zinatoka Chengdu, China, mpaka hapo. Mwanza tunasubiri reli ya SGR inayojengwa ije kubadilisha biashara ya ziwa zima. Wewe utakuwa umeuona mji ambao reli na maghala ndivyo vilivyoshika nafasi ya pamba. Mwombe mwalimu wako wa huko akupangie kutembelea ghala moja. Wengi hawaombi, ndiyo maana hawapelekwi.

Na kuna jambo lingine ambalo mwenzako hakulijua. Tangu 1952 Łódź ina shule ya Kipoland kwa wageni, sehemu ya chuo kikuu cha mji huo. Enzi za uhuru wetu vijana wa Afrika waliopewa nafasi Poland walipita kwanza hapo, mwaka mzima wa lugha, ndipo wakasambazwa kwenda kusomea udaktari, uhandisi, migodi. Mtaa wa hosteli za wanafunzi unaitwa Lumumbowo, kwa jina la Patrice Lumumba, yuleyule mwenye mtaa wake Kariakoo. Mimi mtu wa Magu nilikuwa nikishuka kwenye tramu jioni na kuingia mtaa wenye jina la Lumumba, mvua ya barafu ikinipiga usoni. Sikujiona mgeni kama nilivyotarajia. Kama kuna mzee anayesoma safu hii aliyepita shule ile miaka hiyo, namwomba atuandikie. Tutamchapia ukurasa mzima.

Kuhusu bibi. Mpe pole na umwambie baridi haiui mtu aliyevaa. Hosteli, madarasa na tramu zina joto la kutosha, na njiani unatembea kwa haraka. Ninachotaka ukijiandalie ni giza. Hapa kwetu jua linazama karibu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba, hatulifikirii. Huko, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jioni inaingia alasiri. Desemba jua linazama saa tisa na nusu. Unaingia darasani mchana, unatoka usiku. Siku nyingine halionekani kabisa, kuna wingu tu la rangi ya jivu kutoka asubuhi. Mwezi wa kwanza unaona ni jambo geni na unapiga picha. Mwezi wa tatu unaanza kulala sana, unaacha kupika, unaacha kupokea simu, na hujui kwamba ni giza linalokufanyia hivyo. Nimeona vijana hodari, wengine kutoka nchi zenye jua kama yetu, wakijifungia chumbani mpaka mitihani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua vipindi vya asubuhi kila inapowezekana. Toka nje mchana hata kama hakuna jua la kuonekana, maana mwanga upo. Mtaa wa Piotrkowska una zaidi ya kilomita nne zilizonyooka. Uanzie Plac Wolności, utembee kuelekea kusini mpaka miguu ikatae, kisha rudi na tramu. Nilikuwa nafanya hivyo Jumamosi na ndiyo iliyonitunza. Wapoland wenyewe hutumia vitamini D miezi ya baridi, uliza duka la dawa. Kama una pumu, chukua dawa zako za kutosha na cheti cha daktari, kwa sababu majira hayo watu wengi huchoma makaa ya mawe majumbani na hewa huwa nzito.

Simu za nyumbani zipange mapema. Kuanzia mwisho wa Oktoba Poland iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ukimaliza kula saa mbili usiku ukataka kuzungumza na bibi, kwake ni saa nne na ameshalala. Piga mchana baada ya chakula, yeye akiwa barazani, na ongea kwa kirefu.

Sasa kuna ushauri ambao najua hutaupenda. Wenzako wa programu watakuwa wanasafiri kila mwisho wa wiki: Berlin, Prague, Vienna, tiketi za basi ni za bei nafuu na viza yako itakuruhusu. Nenda mara moja au mbili, uone. Ukisafiri kila Ijumaa utarudi Mwanza na picha za miji mingi na hutakuwa na mwenyeji hata katika mji mmoja. Marafiki wa Kipoland hupatikana Jumamosi na Jumapili, wakati wageni wote wameondoka. Mimi nilipata mmoja kwa sababu hosteli ilikuwa tupu na sisi wawili tu ndio tulikuwa jikoni.

Watu wa huko hawana maneno mengi ya kuanzia. Muuza duka hatakuuliza habari za nyumbani, na jirani kwenye tramu hatakutazama. Usifikiri umechukiwa. Lakini ukiingia duka dogo, lifti au ofisi, sema "dzień dobry" kwanza, hata kama hujui neno lingine, na mtu mzima usimwite kwa jina lake tu: ni "pan" kwa mwanaume na "pani" kwa mwanamke. Wewe umelelewa kuamkia, hilo halitakushinda. Mama wa mapokezi wa hosteli yetu alikuwa akinitazama kwa uso mkavu wiki nzima. Siku nilipomtajia Tanzania na Tengeru, alisimama. Wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia 1942, maelfu ya Wapoland waliokuwa wamepelekwa uhamishoni na Wasovieti walifika Tanganyika kupitia Iran. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na karibu 5,000, wengi wanawake na watoto, na makaburi yao yapo mpaka leo. Mama yule alikuwa na jamaa aliyezaliwa huko. Tangu siku ile chai ya moto yenye limau ilikuwa ikinisubiri.

Ukweli ulioniomba ni pamoja na huu: utatazamwa, na pengine utatukanwa. Mimi nilitazamwa mara nyingi, na kuna jioni mlevi alinipigia kelele kituoni maneno ambayo sikuhitaji mkalimani kuyaelewa. Hayakuwa maisha yangu ya kila siku, ila yalitokea na yaliniuma. Sitaki ufike ukidhani hayapo. Usiku tembea na wenzako. Siku ya mechi kaa mbali na makundi ya mashabiki: mji una timu mbili, Widzew na ŁKS, na uhasama wao ni mkali kuliko wa Simba na Yanga, hivyo usivae skafu ya timu yoyote hata kama ni nzuri. Namba ya dharura ni 112. Na ukitendewa vibaya mwambie mratibu wa chuo siku hiyohiyo kwa maandishi. Wanaume huwa mnanyamaza, usinyamaze.

Tarehe 1 Novemba usipange kitu kingine. Ni siku ya Watakatifu Wote, nchi nzima inakwenda makaburini na mishumaa. Karibu na Manufaktura, mtaa wa Ogrodowa, kuna makaburi ya zamani yenye sehemu tatu, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya Waorthodoksi. Nenda jioni. Hutaamini mwanga utakaouona.

Na ukialikwa Wigilia, yaani chakula cha mkesha wa Krismasi, ukubali hata kama unaona aibu. Vyakula ni kumi na viwili kwa desturi, havina nyama, na mezani huachwa kiti kimoja na sahani kwa mgeni asiyetarajiwa. Kabla ya kula kila mtu anamega kipande cha mkate mwembamba kama wa komunyo na kumtakia mwenzake mema uso kwa uso. Samaki wao wa siku hiyo ni kapu wa bwawani, ana miiba mingi, na wenyeji walikaa wakinitazama kwa wasiwasi nisije nikakwama. Mtu aliyekula sato na ningu tangu utotoni! Sahani yangu ilibaki na miiba mitupu na mama mwenye nyumba akaniongeza.

Mambo ya karatasi kwa haraka. Unakaa zaidi ya siku 90, kwa hiyo unaomba viza ya kitaifa, aina ya D, na utatakiwa bima ya afya yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Ubalozi wa Poland upo Dar es Salaam. Anza mara tu barua ya chuo inapofika, usisubiri Agosti. Pesa ya huko ni zloti, sio euro. Ukifika, uliza ofisi ya wageni ya chuo namna ya kuandikisha makazi yako, na ufanye siku za mwanzo kabisa. Kwenye tramu wanafunzi hulipa nusu, lakini tiketi lazima uigonge kwenye mashine ukipanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na hawasikilizi kisa cha mgeni. Maduka makubwa hufungwa Jumapili karibu zote za mwaka, basi nunua chakula Jumamosi.

*Mwangaluka mwanangu. Mimi ni mama wa Sengerema, nauza dagaa. Binti yangu anakwenda Poland Oktoba kwa masomo. Nataka kumfungia dagaa, unga wa sembe, nyama ya kukausha na maembe, lakini kaka yake anasema atanyang'anywa uwanja wa ndege. Pia nimeuza mbuzi wawili ili nimnunulie koti zito Mwanza mjini. Nimefanya vema? Na nimpe fedha kiasi gani ya mkononi?*
*Mama Mzazi, Sengerema*

Mwangaluka mama, na shikamoo. Binti yako amebarikiwa.

Dagaa mfungie. Samaki wa kula mwenyewe anaruhusiwa kuingizwa Umoja wa Ulaya na abiria, mpaka kilo 20, nawe hutafika huko. Wakaushe sawasawa, ondoa mchanga, funga mifuko miwili miwili ili harufu isiingie kwenye nguo. Unga nao mpe kiasi. Sembe yetu nyeupe kule haionekani kirahisi. Upo unga wa mahindi wa njano, ugali wake unashikana ila ladha ni nyingine, na binti atakushukuru kwa ule wa nyumbani wiki atakazougua hamu. Nyama usimpe hata kipande, wala maziwa wala samli, maana vitokanavyo na nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kabisa, hapo kaka yake yuko sahihi. Maembe pia yaache, matunda mengi yanadai cheti cha ukaguzi wa mimea. Akiwa na hamu ya samaki mkubwa, amwulize muuza duka makrela wa kubanikwa kwa moshi. Ni wa bei ya chini na yuko kila mahali, na kwa pilipili kidogo na nyanya anakupa usingizi mzuri.

Koti, mama yangu, ungesubiri. Kama bado hujalinunua, usilinunue. Makoti yanayouzwa kwetu kwa jina la mazito yametengenezwa kwa mvua za Arusha. Łódź, na miji yote ya Poland, ina maduka ya mitumba, ndiyo, mitumba kama ya Mlango Mmoja, ambako nguo huuzwa kwa kilo na bei hushuka siku hadi siku mpaka mzigo mpya uletwe. Koti langu la sufu lilitoka huko na nimerudi nalo, limening'inia kabatini Kirumba. Mpe binti sweta mbili, soksi nene na nguo za ndani za kubana mwili, na fedha ya koti aende nayo mkononi. Viatu avinunue hukohuko pia, vya soli nene isiyoteleza.

Kuhusu fedha, siwezi kukutajia kiasi kwa sababu sijui mkataba wake unampa nini. Ninachokusihi ni hiki: mara nyingi posho ya programu haiingii siku anayotua. Inasubiri afungue akaunti, asaini, karatasi zizunguke. Wakati huo hosteli inataka kodi na amana, na yeye anataka kula. Awe na cha kumtosha mwezi mmoja bila kumtegemea mtu, sehemu taslimu kwa euro na sehemu kwenye kadi, na vitu hivyo viwili asiviweke mkoba mmoja. Na fedha ya mbuzi wale wawili usiitume yote mara moja. Itakuwa na kazi Desemba.

Wabeja sana mama kwa kuniandikia. Nakuombea biashara njema.

*Dada, nilikwenda Ulaya kwa muhula mmoja, nikafaulu masomo yote, lakini niliporudi chuo changu kilikataa kuhesabu zaidi ya nusu. Nimerudia masomo hayo na nimechelewa kuhitimu. Naandika ili wanaokwenda sasa wasiumie kama mimi. Wafanye nini?*
*Mhitimu, Nyegezi*

Pole sana, na asante kwa moyo huo. Naomba kijana wa Buzuruga na binti wa Sengerema wasome sehemu hii kwa makini kuliko zote nilizoandika juu.

Kabla hujapanda ndege, mkataba wa masomo uwe na saini tatu: yako, ya chuo kinachokutuma na ya chuo kinachokupokea. Ndani yake kila somo la huko liandikwe mbele ya somo la hapa litakalochukua nafasi yake. Wasikuambie "tutaangalia ukirudi". Anayekuambia hivyo leo anaweza kuwa amehamishwa ofisi utakaporudi, na utakayemkuta kwenye kiti chake hakujui. Ukifika na kukuta somo limefutwa au linafundishwa kwa Kipoland tu, jambo linalotokea mara nyingi, badilisha wiki za mwanzo na mkataba usainiwe upya na wote watatu. Barua pepe ya mwalimu mmoja kusema "sawa" haitoshi.

Eleza pia hesabu zao mapema kwa mkuu wa idara yako. Muhula kamili wa Ulaya ni krediti 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na kusoma peke yake. Alama za Poland zinaanzia 2, ambayo ni kufeli, 3 ni kupita, na 5 ndiyo ya juu. Nimesikia mwanafunzi aliyepata 4, alama nzuri kule, akaonekana hapa kama aliyepata nne kati ya kumi. Omba chuo cha huko kikupe maelezo ya mfumo wa alama pamoja na transkripti, yote kwa Kiingereza, yakiwa na mhuri.

Na kwa kila somo chukua muhtasari wake uliochapwa: mada, idadi ya saa, vitabu, namna ya mtihani. Hicho ndicho mkuu wa idara atakachokilinganisha na cha hapa. Ukikifuata ukiwa umesharudi Mwanza utaandika barua pepe mpaka uchoke. Kichukue Januari ukiwa bado kule, kabla ya mitihani, wakati walimu bado wapo ofisini.